Klipu Zinazotazama Juu

Mke wangu anafunga mipira ya maji kwenye injini za boti, na kazi hiyo anaijua kuliko anavyonijua mimi. Silalamiki, nilimkuta nayo. Mimi ni fundi wa viti vya boti. Nakata sponji, nashona ngozi bandia, na cherehani yangu iko chumba cha pili cha karakana hiyohiyo. Kati yetu kuna dirisha lisilo na kioo. Kwa miaka kumi na minane dirisha hilo limenipitishia chai, harufu ya petroli na maneno makali ya mwanamke asiyependa kuulizwa swali akiwa ameinama.

Boti tunazotengeneza hazina panga la kusukuma maji chini. Mto wetu una mawe mengi na maji machache, panga lingekatika siku ya kwanza. Hizi hunyonya maji kwa tumbo na kuyatema nyuma kwa nguvu, na huo ndio mwendo wake. Maji kidogo huchepushwa kwa mpira yakaipoze injini, na kituo chake cha kwanza ni manifoldi mbili, vile vyuma vinene vya kushoto na kulia vinavyokusanya moshi wa moto. Kila kimoja kina kuta mbili, na maji hupita katikati ya kuta. Baba mkwe, aliyeijenga karakana hii, alikuwa na sheria moja, na aliirudia mpaka nadhani kuku wa jirani walikuwa wameikariri: maji yaingie chini, yatokee juu. Yakiingia chini huisukuma hewa yote nje. Ukiyaingiza juu, hewa hubaki imejifungia mle ndani, chuma kinakauka sehemu moja, kinapata moto, kinapasuka.

Sheria hiyo aliwafundisha watoto wake wawili, shemeji yangu na mke wangu. Kaka alisimama kulia kwa injini, dada kushoto, tangu dada ana miaka kumi na mitatu na kaka kumi na sita. Walifanya kazi wakitazamana juu ya injini bila maneno. Mmoja akinyoosha mkono, mwingine anauwekea bisibisi. Nimeona ndoa nyingi, yangu ikiwemo, sijaona watu wawili wanaoelewana namna ile.

Walitofautiana kwa jambo moja tu, nalo ni klipu. Kila mwisho wa mpira hukazwa kwa klipu mbili za chuma, na kila klipu ina kichwa cha skrubu. Dada aliviweka vichwa vitazame juu, eti anayekuja kukaza asihangaike kuvitafuta. Kaka aliviweka vitazame chini, eti visimkwaruze mtu mkono. Walibishania hilo miaka nenda miaka rudi. Baba yao alisema wote wawili ni wajinga, ila maji yanapita, basi. Kwa hiyo ukifungua kifuniko cha injini iliyotoka kwetu, ungejua nani kafanya upande upi bila kumuuliza mtu.

Shemeji ndiye aliyenipatia mke. Mama yangu alikuwa anasitasita. Hakutaka mkwe mwenye grisi kwenye kucha. Mimi kumjibu mama nilikuwa siwezi, leo tu ndiyo naongea hivi. Shemeji akaniambia, "Wewe tulia na cherehani yako. Nitakwenda mwenyewe kuongea na mama yako." Akaenda. Alikaa kwetu mchana mzima, akamtengenezea mama bomba la jikoni lililokuwa linavuja mwaka wa pili, akarudi na jibu: mama amekubali, na anauliza harusi lini.

Mchana huohuo kulikuwa na boti ya kumaliza, mwenyewe anaisubiri ukingoni akitazama saa. Mimi na baba mkwe tulikuwa mjini; tuliporudi shemeji amesharudi, na boti imemalizika, imeondoka. Haikufika mbali. Kwenye kona iliyo juu ya daraja manifoldi ya kulia ilipasuka, maji yakaingia ndani ya injini, injini ikazima, na mkondo ukaibamiza boti kwenye nguzo. Mwenye boti alitoka na mguu uliovunjika mara mbili.

Kesho yake baba mkwe aliileta ile injini karakanani akawaita watu wote, majirani na mimi, akafungua kifuniko. Kushoto kila kitu kilikuwa mahali pake. Kulia, maji yalikuwa yameingizwa juu.

"Upande huu wa nani?" akauliza, kana kwamba hajui.

Shemeji akainama akaitazama ile mipira kwa muda. Kisha akamtazama dada yake. Kisha akasema, "Wangu, Baba."

"Ondoka. Na usikanyage hapa mpaka nikuite mwenyewe."

Hakubisha. Alichukua sanduku lake la vifaa, akapita dirishani kwangu, akasema, "Mtunze huyo. Ana haraka." Nilidhani anasema habari za harusi. Tulioana bila yeye, na siku zote nilijiona mimi ndiye niliyemponza; kama si mama yangu na bomba lake, akili ya shemeji ingekuwa kazini.

Baada ya hapo mke wangu akawa anafanya pande zote mbili. Huanza na wa kulia, wa kaka, halafu huzunguka kwenda kwake. Akiwa kwake, mara nyingi nimemwona kupitia dirishani akinyoosha mkono juu ya injini, kiganja wazi, anasubiri bisibisi. Mkono unakaa pale kidogo. Kisha anaurudisha, anaufuta kwenye ovaroli kana kwamba ndilo alilokusudia, na anazunguka kwenda kuichukua mwenyewe. Miaka kumi na minane. Mwanzoni nilikuwa nakimbia kumpa, akanikataza. Alisema nampa kwa kuchelewa.

Tulimtafuta. Walisema ameonekana mto wa juu, mbali kuliko boti zetu zinakofika. Tulituma barua kwa wenye malori, tukatangaza redioni baba mkwe alipougua, na tena alipofariki, miaka sita iliyopita. Hakuna lililorudi. Mwaka wake wa mwisho mzee alikuwa analala kwenye kochi nililomtengenezea hapo mlangoni, na kila injini iliyosikika ikitoka juu ilimfanya ainue kichwa. Hasira yake ilikwisha zamani, ila hakuwa na pa kumwitia mtoto wake. Siku moja nilimsikia akimwambia mke wangu, "Yule kijana alikuwa mwangalifu. Sijui siku ile alipatwa na nini." Mke wangu alifungua mdomo. Halafu akasema, "Kunywa dawa, Baba."

Sikulitilia maanani jambo hilo. Mtu akiongea sana husikia kidogo.

Mwaka huu, baada ya mvua, alikuja mpima maji. Ni kijana mpole, mwajiriwa wa serikali, kazi yake kupanda na kushuka mtoni na fimbo yenye namba akiandika kina. Boti yake ilikuwa inapata joto upande mmoja. Mke wangu aliinua kifuniko, akainama kulia, na akabaki ameinama. Nilipoona muda unapita nikatoa kichwa dirishani.

"Vipi huko, umelala?"

Alikuwa anapitisha kidole chini ya mpira, anagusa klipu moja baada ya nyingine. Zote zilitazama chini.

"Boti hii kaifunga nani?" aliuliza.

"Fundi mmoja wa mto wa juu," mpima maji alisema. "Karibu na kituo chetu kipya. Mzee wa watu, haongei. Kwani kakosea?"

"Hajakosea." Akazunguka kwenda kushoto kwa mwendo wa mtu anayeogopa kumwaga kitu. Akainama. Huko kushoto klipu zote zilitazama juu. Alikaa chini, pale pale sakafuni, na mimi nikaruka dirisha, jambo ambalo kwa umri wangu na kitambi changu si la kawaida.

"Kaka kaifunga peke yake," aliniambia. "Upande wake kafunga kama yeye. Wangu kaufunga kama mimi. Miaka yote hii ananifungia upande wangu."

Tatizo la boti lilikuwa dogo, majani yaliyoziba chujio. Aliyatoa kwa dakika kumi. Lakini hakuirudisha boti. Alimwambia mpima maji aje kesho. Mpima maji, kwa wema wake, akatoa simu akasema, "Mama, kama ni ndugu yako, namba yake ninayo. Kule siku hizi kuna mtandao." Akamtazama kama aliyempa zawadi.

"Asante, mwanangu. Usinipe."

Nilimsubiri mpima maji aondoke, halafu nikalipuka. Nilimwambia tumemtafuta mtu huyu kwa malori na redio, sasa namba inaletwa mlangoni unaikataa, wewe umerogwa au una wazimu? Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaniambia. Aliniambia akiwa anafuta mikono, bila kunitazama.

Siku ile ya boti ya daraja, kaka alikuwa kwetu kwa mama yangu. Yeye alikuwa peke yake, mwenye boti anatazama saa. Upande wake alimaliza vizuri. Akazunguka kwenda wa kaka, ambako hakuwahi kusimama hata siku moja tangu akiwa na miaka kumi na mitatu. Kushoto, mpira wa kuingiza maji alikuwa anaushika kwa mkono wa kuume na wa kutoa kwa mkono wa kushoto. Tundu la chini liko upande wa nyuma wa boti na la juu upande wa mbele, kwa hiyo ukisimama ng'ambo ya pili, mambo yanageuka. Lakini mikono haikujua kuwa imevuka. Ilikwenda ilikozoea, na yeye mawazo yake yalikuwa kwa mama yangu: atakubali, hatakubali? Mpira wa kuingiza ukapata tundu la juu. Akakaza klipu, vichwa vikitazama juu, kama kawaida yake.

"Baba kwa hasira alitazama matundu tu, ila kaka alipoinama aliziona klipu," alisema. "Alijua pale pale. Alinitazama anisubiri niseme. Mimi nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Baba angesema mwanamke si fundi. Alikuwa anatafuta sababu tangu zamani. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho ikawa harusi. Halafu Baba akaanza kunisifu mbele za wateja, nikaogopa zaidi. Halafu akaugua. Mume wangu, mimi nilimzika baba yangu na uongo mdomoni."

Nilikasirika, sikatai. Miaka kumi na minane nimejitwisha mzigo ambao haukuwa wangu, na mwenye mzigo alikuwa ananipitishia chai dirishani. Sikusema naye mpaka jioni, na kwa mtu anayeongea kama mimi hiyo ni adhabu, tena niliyeumia ni mimi. Jioni nikamwuliza kwa nini basi hataki namba.

"Nikimpigia atasema haidhuru. Namjua. Atasema haidhuru, mimi nitashukuru, na tutaishia hapo. Sitaki haidhuru. Nataka aone kwa macho, mahali palepale nilipomkosea."

Kesho yake asubuhi aliingia kwenye boti ya mpima maji akasimama kulia. Akafungua mipira yote ya upande ule, akaipangusa, akairudisha: ya kuingiza chini, ya kutoa juu. Alikagua mara tatu. Kisha akakaza klipu, na kila kichwa cha skrubu akakielekeza juu. Alikuwa anaandika barua, na msomaji wake alikuwa mmoja tu duniani. Mpima maji alisimama kando akitazama kazi ambayo hakuiomba, akauliza kama kuna hitilafu.

"Ilikuwepo," mke wangu alisema. "Ukifika juu, mwambie yule fundi akukagulie upande wa kulia."

Boti ikaondoka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, na mimi naongeza kuwa huunguza chakula pia. Miezi miwili tulikula vilivyoungua. Kila injini iliyotoka juu mke wangu aliinua kichwa, vilevile kama baba yake, na mimi nikawa natazama cherehani ili nisione. Kuna siku alisimama mlangoni, mahali kochi la mzee lilipokuwa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Namtaka kaka yangu," kama mtu anayesema anataka maji. Nilimpa mkono, akaushika.

Mpima maji alirudi siku ya soko, karakana imejaa watu. Alishuka akicheka.

"Mama, yule fundi wenu mzima kweli? Nimemwambia akague kulia. Akafungua, akatazama. Akaniuliza nani kafunga hii. Nikamwambia mama mmoja kule chini. Akaniuliza, alisimama wapi? Nikasema si alisimama kulia. Basi akakaa chini kama wewe ulivyokaa. Halafu akafuatisha mpira kwa kidole, maji yanaingia wapi, yanatoka wapi, mpaka mwisho. Akasema, 'Safari hii sawa.' Akafunga kifuniko, hakugusa kitu. Safari hii sawa, maana yake nini?"

Mke wangu alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, na kicheko kilipokwisha machozi yalikuwa yanaendelea. Akasema, "Nipe namba."

Mikono yake ilikuwa na grisi, kwa hiyo nilibonyeza mimi, nikaweka simu juu ya kifuniko cha injini, sauti wazi. Iliita muda mrefu.

"Kaka," alisema.

Huko upande wa pili tulisikia mtu anapumua.

"Klipu ya pili kutoka nyuma umeikaza mno," sauti ikasema. Ilikuwa imezeeka, ila ilikuwa ya shemeji.

"Nilikuwa na haraka."

"Una haraka tangu kuzaliwa."

"Kaka, siku ile ilikuwa mimi."

"Najua, mdogo wangu. Niliziona."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, Baba asingekuachia hata spana ya kuchezea. Mimi nilikuwa mwanamume, kazi ningepata popote. Na nilijua ataniita. Hasira za Baba unazijua, wiki mbili tu." Halafu sauti ikabadilika, ikawa ya mtoto anayeuliza jambo alilolingoja siku nzima. "Sasa umeshamwambia? Anasemaje?"

Mke wangu alinitazama. Nilitamani niruke dirisha nirudi kwangu. Hakukuwa na mtu wa kumsemea, na alilijua hilo.

"Kaka, Baba alifariki. Huu mwaka wa sita. Sikumwambia."

Mpima maji akavua kofia.

"Hakujua?"

"Hakujua. Nilikuwa na nafasi, nikampa dawa." Alikuwa analia sasa bila kujificha. "Alikuwa anainua kichwa kila boti ikitoka juu. Alisema ulikuwa mwangalifu. Alikutaka, Kaka. Hakujua uko wapi, na mimi nilikuwa nimekaa na neno lake mdomoni."

"Aliniambia nisikanyage mpaka aniite," shemeji alisema taratibu, kama anayejieleza mwenyewe. "Kila boti ikitoka chini, na mimi nilikuwa nainua kichwa. Sasa ataniita nani?"

"Mimi."

"Wewe hukunifukuza."

"Nilikufukuza mimi. Baba alitumia mdomo tu."

Tulimsikia akipumua tena. "Basi nisikudanganye, mdogo wangu. Moyo wangu umeuma. Nimesamehe zamani, ila leo umeuma upya. Sitakuja kwa miguu yangu. Nilifukuzwa mbele za watu."

"Nitakuja kukuchukua."

"Basi njoo," alisema, na simu ikakatika, kwa mtandao au kwa mkono wake, hatukujua.

Karakana nzima ilikuwa imesikia, nayo ilikuwa siku ya soko. Mke wangu hakujali, nadhani alifurahi. Alitoka nje akawaita majirani wa zamani, watatu waliobaki kati ya wale walioitwa siku ile, akasimama mbele yao na ovaroli yake, akasema aliyefunga boti ya daraja alikuwa yeye, siyo kaka yake, na kwamba baba yao alikufa bila kuambiwa. Mmoja akasema yaliyopita si ndwele. Akamjibu kuwa hayajapita, mwenyewe bado yuko kule juu.

Mpima maji alikuwa anarudi juu kesho yake asubuhi. Nilimshonea mke wangu kiti kipya kwa ajili ya safari, sponji nene, maana siku nne za mawe si mchezo. Alipanda na mkoba mdogo na bisibisi mbili. Akaketi mwisho kabisa wa benchi, kushoto, mkoba ameupakata, na nafasi yote ya kulia akaiacha wazi.

Mpima maji aliwasha injini, akageuka. "Mama, sogea katikati kidogo. Boti inalalia upande."

"Iache," alisema. "Tukirudi itanyooka."